Namna ya kukielewa kitenzi "pick up" na visawe vyake bila kukariri orodha

Swali hili halichoki kuulizwa: "Pick up" maana yake nini? Anayeuliza leo siye aliyeuliza jana, lakini wote wanataka kitu kimoja, neno moja la Kiswahili la kuandika pembeni ya daftari na kusonga mbele. Neno hilo halipo. Ukiandika "okota", utashangaa dereva anawaokotaje wageni bandarini. Ukiandika "chukua", utakwama siku utakapoambiwa kwamba upepo nao umefanya "pick up". Na ukiamua kukariri maana zote kama zilivyopangwa kwenye kamusi, wiki ijayo utabaki na mbili, tena zile ulizokuwa unazijua.

Njia ninayoieleza hapa inamfaa mwanafunzi wa sekondari, dereva wa watalii Arusha, anayekaa mapokezi hotelini Unguja, au yeyote anayejiandaa kwa mtihani. Msingi wake ni huu: maana ya "pick up" huamuliwa na kitu kinachotendewa. Ukishakijua kitu hicho, maana inajitokeza, na visawe, yaani maneno yenye maana sawa au karibu sawa, vinafuata maana. Kisawe cha maana moja hakiazimwi na maana nyingine, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Nadharia kidogo tu, kisha kazi. Kiingereza huchukua kitenzi kifupi, kikakiongezea neno dogo kama "up", "off" au "out", na kupata maana ambayo huwezi kuibahatisha kwa kuyatazama maneno hayo moja moja. Walimu huviita "phrasal verbs". Hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1755, alisema kwenye dibaji yake kwamba jambo hili ndilo linalowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Nasi tusijifanye wema: mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni kuchapa atatuelewaje tukimwambia tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga picha?

Kabla hujaanza, andaa vitu hivi

- Daftari. "Pick up" itahitaji ukurasa mzima, usiibane kwenye mstari mmoja.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza lugha. Ya Oxford, ya Longman na ya Cambridge zote zinasomwa bure kwenye intaneti. Fungua neno "pick", kisha shuka hadi sehemu ya vitenzi vya maneno mawili.
- Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam), ya kuthibitishia. Usianze nayo.
- Maandishi halisi yenye kitenzi hicho. Kama huna, tumia barua hii fupi niliyoitunga, ya mtalii anayewaandikia kwao kutoka Unguja:

"The driver picked us up at the ferry and we picked up some cloves at Darajani. I have picked up a little Swahili and, sadly, a cold. Yesterday the wind picked up and the radio could not pick up any station. I called Dad but he did not pick up. Dinner was expensive, but Uncle picked up the bill."

Kitenzi kimetokea mara 7, na mara moja kati ya hizo kimebeba maana mbili kwa mpigo. Kwa hiyo una maana 8 ndani ya mistari michache. Tuzifungue.

Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima

Usiandike "pick up =" halafu neno la Kiswahili. Andika sentensi kama ilivyo, na uache nafasi chini yake. Hatua hii inaonekana ya kupoteza wino, lakini wanaoiruka ndio wanaorudi na swali lile lile.

Hatua ya 2: Piga mstari chini ya kinachotendewa

Jiulize: ni nani au ni nini kimefanyiwa "pick up"? Majibu ni ya aina nne tu.

Kwanza, mtu: "us". Pili, kitu cha kushikika: "some cloves". Tatu, kitu kisichoshikika: "a little Swahili", "a cold", "any station". Bili nayo iweke hapa, kwa sababu mjomba hakuinua karatasi, alibeba gharama. Nne, hakuna kitu: "the wind picked up" na "he did not pick up" zimeishia hapo hapo. Ukikosa cha kutendewa, geuza macho kwa mtendaji. Upepo hauwezi kupokea simu, na baba hawezi kuvuma.

Angalizo: neno linalotendewa linaweza kujificha katikati, kama "us" ndani ya "picked us up". Wanaoanza huona "picked us", wakaachana na "up" kana kwamba imeanguka pale kwa bahati mbaya. Soma mpaka mwisho wa kipande.

Hatua ya 3: Peleka kila sentensi kwenye fungu lake

Hapa ndipo penye kazi, usiende mbio.

Anza na maana mama, kuinua kitu kutoka chini. "Pick up that pen." Kiswahili chetu hapa ni tajiri kuliko Kiingereza: kalamu iliyodondoka unaiokota, gunia unalinyanyua, mtoto anayelia unambeba. Kiingereza kinaridhika na "pick up" kwa vyote vitatu. Kisawe ni "lift", hasa kitu kikiwa kizito au kikiinuliwa kwa nguvu. Kwa kalamu, "lift" inachekesha kidogo, kana kwamba ina uzito wa nondo.

Kisha kumpitia mtu na kuondoka naye. "The driver picked us up at the ferry": dereva alikuja kutuchukua bandarini. Visawe ni "collect" na "fetch". Mwingereza anasema "collect the children from school" bila kufikiri. Mmarekani kwa kawaida atabaki na "pick up". "Fetch" ina safari mbili ndani yake, kwenda na kurudi na kitu, ndiyo maana kuchota maji kisimani ni "fetch water". Ukisema "pick up some water", msikilizaji ataelewa upitie dukani ununue chupa. Kinyume cha fungu hili ni "drop off", na wenye magari ya wageni wanayajua maneno haya pacha kuliko walimu wengi.

Tahadhari, hasa kwa vijana: mtu akitendewa, angalia mahali. "I picked her up at the airport" ni kazi ya udereva. "I picked her up at a bar" ni kile vijana wa Dar wanachokiita kuopoa. Kama kweli ulikwenda kumchukua dada yako baa usiku ili asipande bodaboda, sema "I collected my sister from the bar", uepuke maswali.

Kuna pia polisi. "The police picked him up" ni walimkamata, na visawe ni "arrest" na "detain". Tofauti yake ina uzito: "pick up" haielezi kama hatua za kisheria zimefuatwa, inasema tu amechukuliwa. "Arrest" ni neno la sheria. Ukiandika habari ya kweli, chagua kwa makini.

"We picked up some cloves at Darajani": walipita sokoni wakanunua karafuu. Visawe ni "buy" na "get", na kama mzigo ulikuwa umeshalipiwa unasubiri kuchukuliwa, "collect". Ladha ya "pick up" hapa ni ya kupitia, manunuzi madogo njiani. Shamba hulinunui kwa "pick up".

"I have picked up a little Swahili." Hapa ni kujifunza, lakini kwa kusikia na kuchangamana na watu, bila darasa. Kisawe cha kawaida ni "learn", cha kitaaluma ni "acquire". Aliyekaa chuoni miaka minne akisomea Kiswahili hasemi "picked up". Angekuwa anajidharau yeye na walimu wake. Fungu hili linapokea pia tabia, lafudhi na maneno ya mtaani. Mtoto aliyerudi kutoka likizo kwa bibi anaongea kwa lafudhi nyingine, "he picked up an accent".

Ugonjwa unafanana sana na hilo, kwani nao unaupata bila kuukusudia. Mafua ya mtalii wetu yana visawe viwili, "catch" kwa mazungumzo na "contract" kwa maandishi ya hospitali. "Contract a cold" ni sawa kisarufi, lakini kwa mafua ya kawaida ni kama kuvaa suti kwenda kuchota maji.

Fungu la kuchangamka ndilo linalowasumbua wengi, kwa sababu halina kitu kinachotendewa. "The wind picked up": upepo ulishika kasi. "Business is picking up": biashara inachangamka. Visawe vinategemea nani anachangamka. Kwa upepo tumia "strengthen" au "increase". Kwa biashara na hali ya hewa, "improve". Kwa uchumi ulioanguka ukaanza kuinuka, "recover". Lipo tawi moja dogo lenye kitu: "pick up speed", kuongeza mwendo, ambalo kisawe chake ni "accelerate".

Yaliyobaki ni mepesi. Redio kunasa kituo, au mbwa kunasa harufu: "detect", na kwa redio "receive". Simu: "answer", yaani kupokea kama tusemavyo Tanzania, au kushika kama wasemavyo wengi Kenya. Kinyume chake ni "hang up", kukata. Bili: "pay". Na moja ambayo haimo kwenye barua, "Let us pick up where we left off", tuendelee tulipoishia. Kisawe chake ni "resume" au "continue".

Hatua ya 4: Jaribu kisawe kwa kukiweka mahali pa "pick up"

Usiamini orodha ya visawe, hata hiyo niliyotoka kuitoa, mpaka umeijaribu ndani ya sentensi yako. Toa "pick up", weka kisawe, soma kwa sauti.

"The driver collected us at the ferry." Imekaa.
"He did not answer." Imekaa.
"The radio could not learn any station." Redio imegeuka mwanafunzi, umeazima kisawe cha fungu jingine.
"Uncle lifted the bill." Sasa mjomba ameinua karatasi juu na hakuna aliyelipa.

Unapoweka kisawe cha neno moja, "up" inaondoka. "Collect us up", "answer up" na "lift up the phone" kwa maana ya kupokea simu ni makosa yanayoonekana sana kwenye madaftari.

Hatua ya 5: Weka kinachotendewa mahali pake

Kwenye kamusi za Oxford na Longman utaona mshale wenye ncha mbili kati ya "somebody" au "something" (wakati mwingine "sb" au "sth") na "up". "Sb" ni kifupi cha mtu, "sth" ni kifupi cha kitu, na mshale unamaanisha kwamba neno hilo linaweza kukaa katikati au mwishoni. Kwa hiyo zote mbili ni sahihi: "pick up the phone" na "pick the phone up".

Lakini kikiwa ni kiwakilishi kifupi kama "it", "him", "us" au "them", kinakaa katikati tu. "Pick it up" ni sahihi, "pick up it" si sahihi hata siku moja. Na kinachotendewa kikiwa kirefu, kisukume mwishoni: "Please pick up the old man waiting near the mosque." Ukiyaweka maneno yote hayo kabla ya "up", msikilizaji atakuwa ameshasahau ulianza na nini.

Hatua ya 6: Nyakati na matamshi

Kitenzi kinabadilika, "up" haibadiliki kamwe: "picks up", "picked up", "picking up". "Pick ups" kama kitenzi hakuna. "Picked" hutamkwa "pikt", si "pi-ked". Kwa kasi ya kawaida "pick it up" inasikika kama "pikitap", neno moja, na ndiyo sababu unaweza kulijua kwenye karatasi ukalikosa kwenye filamu. Mkazo unaangukia "up".

Likiwa nomino, linaandikwa "pickup" au "pick-up" na mkazo unahamia mwanzoni. Unaijua tayari: pikapu inayobeba nyanya kwenda sokoni ndiyo hiyo hiyo. Kwenye programu za teksi, sehemu ya "pickup" ni pale dereva atakapokukuta, si pale unapokwenda. Ukivichanganya, ataanza safari kuelekea upande usio wako.

Hatua ya 7: Pima urasmi

Vitenzi vya maneno mawili ni vya mazungumzo, visawe vyake vingi vya neno moja ni vya maandishi rasmi. Kwenye ujumbe wa simu kwa mteja, "I will pick you up at six" inatosha na ina ukarimu. Kwenye mkataba wa kampuni ya utalii, "Guests will be collected from the hotel" inakaa vizuri zaidi. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I acquired these skills" ina hadhi kuliko "I picked up", ambayo inaweza kumfanya mwajiri adhani ujuzi huo uliuokota njiani.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Kijana anayemwambia rafiki yake "I shall resume our conversation tomorrow" anaongea kama hakimu. Na wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wajue kwamba swali linaweza kuja kinyumenyume: unapewa neno kama "collect" lililopigiwa mstari na kuambiwa ulibadilishe kwa kitenzi cha maneno mawili, bila kuharibu wakati. "Collected" inakuwa "picked up". Anayeandika "pick up" anapoteza alama akiwa na jibu kichwani.

Hatua ya 8: Tunga sentensi za maisha yako

Moja kwa kila fungu unalolihitaji, na si lazima mafungu yote. Dereva aanze na watu na mizigo. Anayefanya kazi ofisini aanze na simu na biashara. Taja watu wako, mtaa wako, kituo chako cha daladala. Baada ya siku chache funika Kiingereza, soma Kiswahili chake, uone kama sentensi inarudi.

Makosa yanayorudi kila mara

Kubwa kuliko yote ni kuiacha "up". Nairobi utasikia "I will pick you at the stage" na "pick my call", na mjini pale kila mtu ataelewa. Kwa mazungumzo ya wenyeji sina ugomvi nayo. Ila kwenye mtihani, na kwa mgeni aliyetoka Uingereza au Marekani, "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma. "I will pick you" ni nitakuchagua wewe. Mkulima wa Kilimanjaro anajua tofauti kwa mikono yake: "pick coffee" ni kuchuma kahawa mtini, "pick up coffee" ni kupita dukani ukaondoka na pakiti au kikombe.

La pili ni kuchanganya ndugu zake. "Pick out" ni kuchagua kimoja kati ya vingi, au kumtambua mtu kwenye kundi. "Pick on" ni kumwonea mtu. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu "They pick me up every day" akimaanisha wanamwonea ataambiwa ana bahati ya kupata usafiri.

Ukikwama

Sentensi haingii fungu lolote. Tafuta neno la tatu. "Pick up on" ni kugundua jambo ambalo halikusemwa wazi, kisawe "notice". "Pick up after" mtu ni kusafisha alichokiacha, kazi ambayo mama yeyote anaijua. Hizo ziandikie mstari wake, usizilazimishe ndani ya mafungu ya juu.

Inaingia mafungu mawili. "She picked up the parcel" inaweza kuwa aliinua kifurushi au alikwenda kukichukua. Soma sentensi iliyotangulia. Akiwa amesimama chumbani, ameinua. Kama alikuwa njiani kwenda posta, amekifuata.

Programu ya kutafsiri inakupa "chukua" kila mahali. Usiilishe neno, ilishe sentensi nzima, kisha ukague kwa hatua ya 2.

Kisawe ni sahihi ila sentensi bado imekaa vibaya. Mara nyingi ni urasmi. Rudi hatua ya 7 ubadilishe kisawe, si sentensi.

Huisikii kwenye maongezi ingawa unaijua. Acha kusubiri "pick" na "up" zije zikiwa zimeachana. Tafuta klipu yenye maandishi chini, sikiliza kipande kimoja ukiwa umeyaficha, kisha yafunue. Anza na "pick it up" na "pick me up", ndizo utakazokutana nazo mapema zaidi.